Mguu Ambao Hakuna Aliyeuangalia

Nina hasira za karibu. Naanza na hilo kwa sababu sehemu ya yaliyotokea ilitokana na hasira hizo, na sipendi mtu afike katikati ya habari hii ndipo aanze kunishuku. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, mkunga akadhani naumwa tumbo. Nimefanya kazi ya uuguzi wodini miaka ishirini na miwili, na mgongo uliponishinda nikaacha, nikaajiriwa na kampuni ndogo ya Makambako inayopeleka wauguzi kwenye nyumba za wagonjwa.

Ofisi yetu ni vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na stesheni. Treni ya mizigo ikipita, chupa za spiriti kwenye rafu zinagongana. Kazi yenyewe inaeleweka haraka. Mgonjwa anaruhusiwa kutoka hospitali akiwa bado na kidonda, au mpira wa mkojo, au upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Watoto wako mbali. Wanatupigia simu, nasi tunakwenda mara mbili kwa wiki kuosha kidonda, kupima sukari na presha, kunyoosha viungo, kuangalia dawa. Siku tusizokwenda, nyumba ndiyo wodi, na ndugu anayeishi na mgonjwa ndiye muuguzi. Kwa hiyo tunamfundisha, na tunamwachia daftari.

Daftari hilo lilikuwa limechorwa na msimamizi wetu, tabibu mstaafu aliyependa karatasi kuliko watu. Kila siku ilikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na visanduku: amekula, amekunywa dawa, kidonda kimekauka au kimelowa, mguu wa pili umeangaliwa. Ndugu anaweka tiki. Muuguzi akifika anasoma, anasaini chini, na mwisho wa mwezi daftari linakwenda Makambako.

Mwaka juzi, baridi ilipoanza kushika, nilipangiwa mzee mmoja wa Yakobi, pale pembeni mwa mji wa Njombe ambako nyumba zinaanza kuachana na mashamba ya viazi yanaingia katikati yake. Alikuwa mjane, mzee wa kanisa, mrefu, mwenye sauti ya kuzoea kuongoza sala. Sukari ilikuwa imemharibu mguu wa kulia, na hospitali walimkata vidole viwili. Mwanawe alikuwa Liganga, kwenye kazi ya kulinda mitambo, anarudi baada ya miezi. Aliyeishi na mzee alikuwa mke wa huyo mwana, binti wa miaka kama ishirini na sita, mpole, mwembamba, asiye na mtoto bado. Yeye ndiye niliyemwandika kwenye karatasi ya kwanza, pale panapouliza ni nani atamhudumia mgonjwa.

Siku hiyo ya kwanza niliipima miguu yote miwili. Ule wa kulia ulikuwa na kidonda cha operesheni, kisafi. Wa kushoto ulikuwa mzima kabisa, ila nilipoupitishia ncha ya kalamu chini ya wayo, mzee aliendelea kunisimulia habari za mbegu za viazi. Hakuhisi kitu. Nikamwambia, "Baba, mguu huu umekufa ganzi. Ukikanyaga msumari hutajua. Ukiungua hutajua. Lazima mtu auangalie kila siku, juu na chini na katikati ya vidole."

"Sawa, mama," akasema. "Mtu yupo."

Kisha akataka kulala. Nikatoka sebuleni kumfundisha mtu mwenyewe. Kwa kuwa mzee alikuwa amejifunika, nilivua kiatu changu na soksi, nikaweka mguu wangu mwenyewe juu ya stuli, nikamwonyesha binti namna ya kutenganisha vidole, namna ya kugeuza wayo kwenye mwanga, rangi ya kuogopa na joto la kuogopa. Alinishika mguu kwa mikono miwili kwa uangalifu mkubwa. Alirudia kila nilichosema. Nilifurahi, na mimi si mtu wa kufurahi upesi. Nilimwambia angefaa kusomea uuguzi, naye akacheka kidogo akaficha meno kwa kanga.

Sikumwona akimshika mzee. Sikuona sababu ya kumwona.

Wiki mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri mno. Nilifika Jumanne na Ijumaa na gari la kampuni, saa nne hivi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mabonde ya chai. Binti alinipokea mlangoni kwa kupiga goti, "Kamwene, sista," akanipa maji ya moto ya kunawa, akapotelea jikoni. Kidonda cha kulia kilikuwa kikifunga. Na daftari! Sijawahi kuona daftari kama lile. Kila kisanduku kilikuwa na tiki, mwandiko wa shule ya wasichana, na pembeni maneno mafupi: mguu wa kushoto mzima, umepakwa mafuta. Nilizipiga picha kurasa zake kwa simu, na msimamizi akatoa nakala akaibandika ukutani, ili wauguzi wenzangu waone familia inavyotakiwa kufanya kazi. Nami nilitembea ofisini shingo imenyooka.

Kuanzia ziara ya tatu niliacha kumvua mzee soksi ya kushoto. Siwezi kulipamba hilo. Chumba kilikuwa na baridi ya kugandisha, soksi ilikuwa ya sufu nzito, ya kufuma kwa mkono, na kila nilipoigusa mzee alilalamika. "Huo ni mzima, mama. Unaniletea baridi kwenye mguu mzima. Hujasoma kwenye kitabu chako?" Nilikuwa nimesoma. Nyumba nyingine ilikuwa ikinisubiri, bibi mwenye kiharusi kule Makambako. Nikaacha.

Dalili zilikuwepo. Nazihesabu sasa nikiwa nimelala na ninakasirika upya. Sukari yake ilikuwa kumi na mbili, Ijumaa ikawa kumi na tano, Jumanne ikawa kumi na nane. Nikaona kreti ya soda pembeni ya kabati, waliyoleta watu wa kanisa waliokuja kumpa pole, nikaamua chanzo ni hicho. Nilimsema mzee kama mtoto. Nilimsema na binti kupitia ukutani, kwa nini anaruhusu soda. "Samahani, sista," ilijibu sauti yake kutoka jikoni. Mzee aliapa hajagusa soda, nami nikamwambia damu haidanganyi.

Halafu ilikuwa harufu. Tamu kidogo, nzito, ya kitu kinachoiva kupita kiasi. Chini ya kitanda mzee alikuwa ametandaza parachichi kwenye gazeti zipate kuiva, nikachukulia zimeoza. Nikamwambia dereva azitoe nje. Ijumaa iliyofuata chini ya kitanda palikuwa patupu na harufu ilikuwepo. Nikafungua dirisha, mzee akanung'unika, nikalifunga.

Na palikuwa na nzi. Mmoja tu, juu ya blanketi, upande wa kushoto. Mtu wa Njombe anajua kwamba mwezi wa saba nzi hawaonekani, baridi inawamaliza. Nilimfukuza, akazunguka, akarudi kutua palepale. Nilimtazama muda mrefu kuliko inavyostahili kumtazama nzi, nikawa na wasiwasi ambao sikujua niuweke wapi. Nikakunja kipimo cha presha nikaondoka.

Siku hiyo binti alinisindikiza hadi kwenye gari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama akivuta pindo la kanga, macho chini, mpaka dereva akawasha injini.

"Sista, samahani," akasema. "Kule ofisini kwenu hakuna muuguzi wa kiume?"

Hapo ndipo hasira zangu zilipofanya kazi yake. Nilisikia dharau. Nilidhani mzee amenisemea vibaya kwa ajili ya zile soda, na kwamba katoto haka kametumwa kuniambia sifai. Nikamwambia, "Nimeanza kuosha vidonda ukiwa bado mgongoni kwa mama yako. Kama hamnitaki, pigeni simu Makambako wawaletee mnayemtaka." Nikafunga mlango wa gari. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona amebaki amesimama pale getini, mikono ndani ya kanga, hakurudi ndani mpaka tulipokata kona.

Jumanne sikwenda. Gari lilikuwa limechukuliwa kwenda Wanging'ombe kwa mgonjwa aliyezidiwa. Tuna utaratibu wa siku kama hizo: msimamizi anapiga simu, anauliza maswali ya kwenye daftari, anaandika majibu. Nilikuwa nimekaa mbele yake alipopiga. Mguu wa kulia? Unaendelea vizuri. Mguu wa kushoto? Sauti nyembamba ikasema uko salama. Msimamizi akaandika salama, akaniinulia dole gumba.

Ijumaa ukungu ulikuwa mzito hata dereva akawasha taa tangu tunatoka Makambako. Tulipofika Yakobi nilisikia harufu nikiwa bado sebuleni. Binti hakupiga goti wala hakunisalimia. Alinyoosha mkono kuelekea chumbani akageuka ukutani.

Mzee alikuwa anaongea Kibena, na mkewe, ambaye alikuwa amezikwa miaka minne iliyopita. Alikuwa akimwuliza kama ng'ombe wameingia. Paji la uso lilikuwa linawaka. Kando ya kitanda, upande wa kushoto, palikuwa na jiko la mkaa, karibu mno, na kwenye ukingo wake nikaona nyuzi za sufu zilizoungua zikashika kwenye bati. Nzi walikuwa watatu.

Soksi haikuvulika. Ilinibidi niilowanishe na kuikata kwa mkasi, polepole, kipande kwa kipande, na vingine vilikuja pamoja na ngozi. Sitaeleza yote. Kisigino kilikuwa kimeungua zamani, wiki mbili au zaidi, na kutoka pale weusi ulikuwa umepanda hadi juu ya kifundo. Mzee hakushtuka hata mara moja. Aliendelea na habari za ng'ombe.

Nilipomaliza kukata nilichukua daftari kwenye kabati. Nilitaka kujua ni lini alianza kudanganya. Mistari ilikuwa imejaa, mizuri, wino uleule. Alhamisi, mguu wa kushoto mzima. Ijumaa, yaani siku hiyohiyo, mzima. Jumamosi na Jumapili, ambazo hazijafika, nazo zilikuwa na tiki.

Nikamwita kwa sauti ambayo majirani walisikia. Alikuja akasimama kwenye korido, mgongo umegeukia mlango. Nikamwambia aingie aone kazi ya mikono yake. Hakusogea. Nikamwambia tena. Akapiga magoti palepale, uso ukiangalia ukuta, akasema, "Sista, yule ni baba mkwe wangu. Tangu niolewe sijaingia humo."

Nilikuwa nimeshika mkasi. Nakumbuka niliuweka chini, taratibu sana.

Nieleze kwa asiyejua. Kwa Wabena wa nyumba za zamani, mke wa mwana na baba wa mume wanaogopana kwa heshima. Hampi mkono. Hapiti mbele yake akiwa amekaa. Chumba anacholala mkwe ni cha kupita mbali, na kuuona mwili wake, hata wayo tu, ni aibu ya wote wawili. Wengi mjini wameacha, lakini mzee yule hakuwa ameacha. Na mimi ni Mbena. Nimezaliwa vijiji vya huku Makambako, nimeolewa, nimemwogopa mkwe wangu mpaka tukamzika. Alipougua, aliyemwosha alikuwa shemeji yangu, mimi nikipasha maji nje.

Kila kitu kilikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza. Binti alikuwa akileta chakula kwenye sinia, anaweka kwenye stuli nje ya mlango, anagonga mara mbili, anaondoka. Mzee alikuwa akisubiri hatua ziishe ndipo aseme asante, kisha anajikongoja na magongo yake kuchukua. Dawa zilikuwa kwenye kisosi kando ya ugali. Jiko la jioni, nilikuja kuambiwa, aliliwasha uani, akaliacha mlangoni, na mzee alilivuta mwenyewe kwa gongo mpaka kitandani. Ya sinia na kisosi niliyaona wiki tatu nikajisemea kwamba binti huyu ana adabu.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimwuliza.

"Niliona unajua," akasema. "Wewe si wa kwetu? Niliona ukinifundishia kwenye mguu wako. Nikajua sista ameelewa, ameniepusha na aibu, ataangalia mwenyewe. Zile tiki niliona ni za ofisi."

"Na siku ile ulipouliza muuguzi wa kiume?"

"Nilianza kusikia harufu."

Hapakuwa na muda wa kulia. Mzee alitakiwa hospitali saa ileile, na gari lilikuwa limebaki barabarani kwa sababu ya tope. Alikuwa mrefu, mzito kwa homa. Dereva angemshika mabegani, mimi kiunoni na mguu wa kulia uliokuwa na bandeji, lakini mguu wa kushoto haukuweza kuachwa ukining'inia. Nyumba za jirani zilikuwa tupu, wanaume wako viazini. Nilimwambia binti, safari hii bila kupaza sauti, "Mama, nahitaji mtu wa tatu."

Alijifunika kanga kichwani mpaka ikashuka usoni. Alivuka kizingiti kama mtu anayeingia kwenye maji asiyojua kina chake. Mzee, ambaye kwa saa nzima hakuwa ametujua, alimjua. Fahamu zilimrudia mara moja. "Rudi!" akasema kwa ile sauti ya kanisani. "Mama, rudi!" Akajaribu kuvuta blanketi. Binti aliendelea kuja. Alipoingiza mikono yake chini ya ule mguu, akiushika vilevile kama alivyoshika wangu, mzee aligeuza uso ukutani akalia. Alilia njia nzima mpaka barabarani, na binti alilia chini ya kanga, na dereva, mtu wa utani mwingi, aliendesha macho mbele tu mpaka hospitali.

Walikata juu ya goti. Alipona, kama kupona ndiyo neno lake.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoionea haya kuliko zote. Jumatatu msimamizi alinipa fomu ya taarifa. Ilikuwa na mstari wa chanzo. Nilikaa nayo muda mrefu, treni ikapita, chupa zikagongana. Nilijua cha kuandika: kwamba muuguzi hakuangalia mguu kwa wiki tatu, kwamba alichagua mhudumu bila kuuliza kama mila zinamruhusu kumhudumia, kwamba aliombwa msaada getini akajibu kwa matusi. Msimamizi alinichungulia juu ya miwani. "Usiandike riwaya," akasema. "Andika mhudumu wa familia hakufuata maelekezo. Si kweli?"

Ilikuwa kweli, kwa namna fulani. Nikaandika. Nikasaini kwa mkono uleule uliosaini chini ya tiki zake.

Nakala ilikwenda kwa familia. Mwana alishuka kutoka Liganga na vumbi lake, akaisoma amesimama, na siku ya pili mkewe alipelekwa kwao akapumzike kidogo. Ndivyo inavyosemwa kwetu, na kila mtu anajua kidogo hiyo inaweza kuwa maisha. Mwana alirudi kazini. Mzee akaletewa mpwa wake, mtu mzima, mwanamume, ambaye hakuna mila inayomzuia kuingia chumbani, ila kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, kinamzuia sana kubaki humo.

Niliendelea kwenda Jumanne na Ijumaa. Safari hii nilivua kila soksi. Mguu wa kulia ulikuwa umebaki peke yake, na makovu yake ya vidole viwili, nao ulikuwa umekufa ganzi kama mwenzake. Mzee alikuwa haongei tena habari za mbegu. Alinitazama nikifanya kazi kama anayetazama mtu akikarabati nyumba ambayo si yake. Mwezi ulipopita, nikiwa nafunga bandeji, alisema bila utangulizi wowote, "Nilimwomba Mungu nife kabla hajafika kitandani."

Nilimaliza kufunga bandeji.

"Nilimwonea aibu. Sasa namwonea huruma. Mimi siwezi kuongea naye. Nenda wewe, mama. Mwambie arudi."

Nilikwenda Jumamosi, kwa nauli yangu, bila kuiambia ofisi. Kwao ni kijiji kilicho nje ya Makambako, upande wa barabara ya Mbeya. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka kando ya ukuta wenye jua, anapukuchua maharage. Alikuwa amekonda. Alitaka kupiga goti, nikamzuia, nikakaa chini nami, mgongo wangu ukapiga kelele. Mama yake alituletea chai akatuacha.

Nilimwambia yote niliyoyaandika hapa, na lile la mwisho nalo, kwamba sahihi kwenye ile fomu ni yangu.

"Najua," akasema. "Mume wangu alinisomea. Aliisoma mpaka jina la aliyesaini."

Niliomba radhi. Mimi ambaye sijawahi kumwomba mtu radhi bila kuongeza sababu, siku hiyo sikuongeza. Alitikisa kichwa kwa namna ambayo sikuielewa, si ya kukubali wala ya kukataa. Vidole vyake havikuacha maharage.

"Ule mguu uliobaki," akauliza, "nani anauangalia?"

"Mimi."

"Siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa."

"Na siku tano nyingine?"

Nikafikiria mpwa na macho yake mekundu, anavyosema shikamoo shangazi huku anashika fremu ya mlango asianguke. "Sijui," nikamwambia. "Baba mkwe wako amenituma. Anasema urudi."

Hapo ndipo aliposimamisha mikono. Aliniangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Amesema nirudi," akauliza, "au amesema niingie?"

Sikuwa nimemwuliza mzee hilo. Nilikuwa nimefunga begi langu na kutoka haraka, nikijiona nimebeba habari njema, wala halikunijia kichwani. Nikamwambia ukweli, kwamba amesema arudi tu. Binti aliinamisha kichwa, akachukua ganda lingine, akalipasua kwa kidole gumba. Mkaa ulikuwa unawashwa kwenye nyumba ya pili na moshi wake ulikuwa unatupitia. Ilikuwa Jumamosi saa tano. Mpaka Jumanne zilikuwa zimebaki siku tatu.